Kuchagua asesere na juji konsulere: kwa nini kujua maisha ya watu kunapita diplome? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa Lubumbashi, Kongo, kila mara sendika (vyama vya wafanyakazi) ao wafanyabiashara wakiambiwa watoe majina ya watu wa kwenda kukaa pembeni ya majistra ku tribinali, maswali yanayotoka ni yale yale. Nimekuwa nasindikiza watu ku tribinali ya kazi na ku tripe (tribinali ya amani) miaka sasa, nimeyasikia yote, njo nikasema niyaandike mafasi moja na majibu yake, yule mwenye haraka achukue swali lake aende.

Asesere ni nani? Juji si ni juji tu?

Hapana. Juji tunayemuzoea ni majistra, alisoma sheria ku iniversite, njo kazi yake ya kila siku. Lakini kuna tribinali ambazo sheria yenyewe inasema majistra asikae peke yake. Ku tribinali ya biashara, sheria namba 002/2001 ya tarehe 3 Julai 2001, wanakaa watatu: majistra mmoja njo prezida, na wawili wafanyabiashara, hao njo tunaita majuji konsulere. Ku tribinali ya kazi, sheria namba 016/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, ni watatu pia, majistra katikati, asesere mmoja wa upande wa mapatroni na mwingine wa upande wa wafanyakazi. Ku tripe, kesi ikitaka desturi iangaliwe, wanaita manotable wanaojua ile desturi. Hata ku tribinali ya kijeshi kuna maofisa wanaokaa kuhukumu na hawakusoma sheria, lakini hiyo ni habari ya jeshi, tuiache.

Ndugu zetu wa Tanzania wao wana wazee wa baraza. Jina ni lingine, wazo ni lile lile: mtu wa kawaida akae pale wanapoamua.

"Ufahamu wa jamii" maana yake nini, watu wanaisema kila siku?

Ni kujua namna watu wanaishi kweli kweli, hata wale ambao hawafanane na weye. Asubuhi mtu wa komine ya Katuba anatoka saa ngapi ili afike ku kazi route Likasi, transporti inamukula ngapi, mama wa soko ya Njanja anaandika deni wapi kama hana kaye, kwa nini mtu anaweka sinyatire ku karatasi ambayo hajaisoma. Mtu mwenye huo ufahamu akisikia jambo asilolizoea, anauliza kwanza, hacheki na hashangai.

Uingereza wako na majuji wasiosomea sheria tangu zamani sana, sheria yao moja ya mwaka 1361 bado inatajwa mpaka leo, na kawaida wanakaa watatu kusikiliza kesi, wakisaidiwa na mtu wa sheria anayewaonyesha njia, mshahara hakuna. Kwa miaka mingi kule mtu akitaka hiyo nafasi walimupima kwa sifa sita, na moja ya zile sita ilikuwa hii hii, ufahamu wa jamii, pamoja na tabia njema, kuelewa na kueleza mambo, utulivu wa akili, uamuzi mzuri na kutimiza ahadi. Siku hizi wameziandika upya, lakini kuelewa namna wengine wanaona mambo kumebaki pale. Diplome ya sheria haikuwa ndani ya zile sita. Hiyo nilipoisoma mara ya kwanza ilinigusa sana juu hapa kwetu mkutano wa kwanza wa kuchagua swali la kwanza ni "alisoma mpaka wapi?"

Lakini sheria imeandikwa, kwa nini haitoshi?

Nitakuelezea kitu nilichokiona kwa macho yangu, jina la entreprise naliacha.

Kodi ya kazi (kitabu cha sheria za kazi, sheria namba 015/2002, nayo ya tarehe 16 Oktoba 2002) inasema hivi: mfanyakazi wa jurnalie, yule wa siku kwa siku, akishatumika siku 22 ndani ya miezi 2, wakimuchukua tena mbele hiyo miezi 2 haijaisha, kontra yake inahesabiwa ni ya muda usio na mwisho. Sheria nzuri, inalinda mtu. Sasa kuna shefu wa ekipi anayeijua vizuri kupita mfanyakazi mwenyewe. Ku pointaje (karatasi ya kuhesabu siku za kazi) anaandika siku 21, kisha karatasi inanyamaza mpaka miezi 2 iishe, kisha anaanza tena moja.

Kulikuwa mzee mmoja, sentineli (mlinzi) ku depo. Alifukuzwa bila kitu, hakuna preavi (onyo la mbele), hakuna dekonti (hesabu ya mwisho). Avoka wa kampuni analeta zile karatasi, safi, na kashe (muhuri) juu, zote siku 21. Majistra anaziangalia, naye afanye nini, karatasi njo zinasema. Asesere wa upande wa wafanyakazi, mtu ambaye yeye mwenyewe alishatumika ku ma depo, akaomba ruhusa akauliza swali moja tu: "Papa, zile siku walisema unapumzika, ufunguo wa depo ulikuwa na nani?" Mzee akajibu, "Na mie, naulazaka chini ya mto." Chumba chote kikanyamaza. Na hapa njo utamu wenyewe, asesere wa upande wa mapatroni naye akasema basi tuite rejista ya mlangoni, juu yeye ako na depo yake, anajua hakuna depo ambayo gari inaingia usiku bila kuandikwa na sentineli. Rejista ikaletwa. Mwandiko wa mzee ulikuwa ndani, tarehe zote.

Hakuna artikle ya sheria iliyogeuzwa pale, ni ile ile ya siku 22, ila bila wale wawili ingebaki ku kitabu. Majistra alikuwa mtu mzuri, sina neno juu yake, lakini hajawahi kulala ku depo.

Basi si bora tuchague wenye diplome kubwa, mambo mengine watajifunzia mbele?

Sheria prezida anaijua, njo maana ako pale. Ukimuwekea pembeni wawili wanaojua kile kile anachokijua, umejaza viti. Sisemi aliyesoma asichaguliwe, hapana, kuna waliosoma na wanajua mtaa vizuri kabisa. Ninachosema, diplome isiwe mlango. Anapaswa ajue kusoma dosie, aelewe Kifaransa cha kutosha juu maandishi mengi ni ya Kifaransa, na akishaketi asikilize. Basi.

Kitu kinachoniuma ni pale sendika inatoa jina la prezida wake juu tu ni prezida. Mtu amekaa biro miaka 20, mara ya mwisho kuingia ku shantie hakumbuki, na tunamutuma aende akaelezee maisha ya shantie.

Mtu aliyepitia shida si atawapendelea wenye shida?

Swali nzuri, na hofu yake ni ya kweli. Kujua maisha ya mtu ni tofauti na kumupa haki hata kama hana. Asesere wa wafanyakazi hakutumwa pale kuwa avoka wa wafanyakazi, na wa mapatroni vilevile, wote ni majuji siku ile, na Katiba ya 2006 inasema juji akihukumu yuko chini ya sheria tu. Anayejua maisha vizuri anajua pia uongo wa maisha! Fundi wa kweli njo anaweza kusema "hapana kijana, mashini ile haivunjiki hivyo, umeiangusha." Wasiojua njo wanadanganywa na machozi, ao na kravati.

Kwa hiyo wakati wa kuchagua usiangalie tu kama aliteseka. Angalia kama akiongea juu ya patroni wake wa zamani anaweza kusema hata kitu kimoja ambacho patroni alikuwa na haki. Kama hawezi, moyo wake haujatulia, aongoje.

Ku biashara, ufahamu wa jamii unaingia wapi? Si ni hesabu tu?

Ingekuwa hesabu tu wasingeita wafanyabiashara. Hili jina konsulere ni la zamani, Ufaransa mwaka 1563 mfalme Charles IX aliwapa wafanyabiashara wa Paris nafasi ya kuhukumu kesi zao wenyewe, juu waliona majuji wa kawaida wanachelewa na hawajui soko.

Angalia biashara yetu. Mama anachukua mzigo wa mupakani Kasumbalesa kwa maneno tu, bila fakture, atalipa akishauza. Mtu anakopa ku banki lamberi (mukopeshaji wa mtaani) dola 100, anarudisha 150 mwezi ukiisha. Likelemba (mchango wa kupeana zamu) ya watu 12, wa tano amekula pesa akahama. Hapo juu kabisa kuna kampuni ndogo inayofanya sutretansi (kazi ya kupewa na kampuni kubwa) ku mini (migodi), inalipwa baada ya siku 90 na yenyewe inatakiwa kulipa watu wake kila mwezi. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 sisi tuko ndani ya OHADA (umoja wa inchi za Afrika wenye sheria moja za biashara), sheria za biashara tunazo nzuri na za kisasa, lakini zinapenda karatasi, na soko yetu inapenda neno la mdomo. Juji konsulere anayejua zote mbili anaweza kuambia wenzake, "kwa bei ya farini ya msimu ule, hii deni haiwezi kuwa ya magunia 300, ilikuwa 30, mtu ameongeza sifuri." Kama tumechagua tu wenye ma kampuni makubwa yenye kontabule na kompyuta, nani atasema hivyo?

Desturi je? Notable si ni yule mzee kupita wote?

Hapa nataka nikae kidogo juu njo mahali familia zinavunjika.

Tripe njo inapokea mambo ya ndoa, ya urizi, ya udongo wa desturi. Lubumbashi ni muji wa watu waliotoka kila upande. Kwa Wabemba na Walamba ukoo unafuata mama, mwanaume akifa desturi ya zamani inaangalia mpwa wake, mtoto wa dada. Kwa Waluba ni upande wa baba. Sasa papa amekufa Kampemba, ameacha parseli, mke na watoto watano waliozaliwa pale pale muji na kule kijiji hawajawahi kukanyaga, na siku ya tatu ya matanga wajomba wa marehemu wamefika na kufuli mpya mkononi.

Kodi ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa 2016, inasema watoto njo warizi wa kwanza, wanachukua robo tatu ya urizi, na mke ako kati ya wale wa robo inayobaki, na haki zake za kukaa mu nyumba. Na Katiba, artikle 153, inasema tribinali zinafuata desturi kama haivunji utaratibu wa wote na tabia njema. Kwa hiyo desturi haifukuzwi, inapimwa.

Notable asiyekuwa na ufahamu wa jamii atakuja na kijiji cha mwaka 1950 mu kichwa, atasema "kwetu ni hivi" na kufunga mdomo. Mwenye ufahamu atakuambia kwa nini ile desturi iliwekwa: mpwa alirizi juu ndiye aliyechukua pia mzigo wa kulisha wajane na yatima. Kisha atawauliza wale wajomba mbele ya wote, "Sawa, mnachukua nyumba, na minervale (pesa ya masomo) ya hawa watoto mnalipa lini?" Nimesikia swali karibu na hilo, mama mmoja notable aliuliza, na ile kufuli mpya ilirudi mu mfuko. Hakudharau desturi, aliijua kupita wao.

Kwa hiyo hapana, umri peke yake hautoshi. Mzee anayeheshimiwa kwa kupatanisha watu, ndiyo. Mzee anayeogopwa, hapana.

Na kabila? Si lazima kila kabila liwe na mtu wake?

Naelewa hili swali linatoka wapi. Katanga tuliona 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa ku ma nyumba, wakalala ku magare (stesheni) wakiongoja treni, na wengi walikufa. Ile kumbukumbu haijaisha, ukiingia tribinali na kuona wote watatu wana majina ya upande mmoja, roho inaruka. Hiyo hofu si ya kuchekwa.

Kwa hiyo mchanganyiko ni mzuri na ni lazima uangaliwe. Lakini "mtu wa kabila letu" ni kosa lingine, juu akishajiona ametumwa na kabila amekwisha kuhukumu mbele hajasikia. Miye ninachotafuta ni mtu ambaye ameishi na wengine kabisa, amezika majirani wasio wa lugha yake, ameoza mtoto kwingine. Lubumbashi watu wa hivyo ni wengi sana, tuseme ukweli, ni vile tu hawapigi kelele.

Wanawake na vijana?

Artikle 14 ya Katiba inataka wanawake wawe na nafasi yao mu vyombo vyote. Lakini hata bila artikle, nenda ku tribinali ya kazi siku ambayo mama anaelezea alivyofukuzwa juu ya mimba, mbele ya wanaume watatu, uangalie anavyomeza maneno. Vijana nao, kazi za siku hizi, moto-taxi, kuuza unite za simu, kutumika kwa simu, wazee hatuzijui.

Inchi zingine zinachagua namna gani?

Ujerumani wanachagua majuji raia, wao wanawaita Schöffen, wa miaka 5, mtu awe kati ya miaka 25 na 69. Komine inatengeneza lisiti na sheria yao inasema wazi lisiti ionyeshe watu wa aina zote, kwa jinsia, umri, kazi na hali ya maisha. Ku tribinali yao ndogo ya makosa, wawili wa raia na majistra mmoja, kura ya kila mmoja ina uzito sawa, wale wawili wakikubaliana wanaweza kumushinda majistra.

Japani walianza tarehe 21 Mei 2009, kesi nzito wanakaa majistra 3 na raia 6, na wale raia wanatolewa kwa bahati ku lisiti ya wapiga kura. Hiyo ni njia nyingine kabisa: hawatafuti mtu mwenye ufahamu, wanachanganya watu wengi na ufahamu unatokea wenyewe.

Ufaransa kesi za kazi, tangu Lyon 1806, wanahukumu wenyewe kwa wenyewe, na siku hizi mapatroni na wafanyakazi ni idadi sawa. Na hapo Rwanda jirani, gacaca iliyofungwa tarehe 18 Juni 2012, waliohukumu walichaguliwa na majirani zao, waliitwa inyangamugayo, maana yake watu waadilifu. Katika yote miye ile lisiti ya Ujerumani njo ningependa sendika zetu ziige, kabla ya kutuma majina ziulize tu: ndani ya hii lisiti kuna wa mini? kuna wa soko? kuna mfanyakazi wa nyumbani? kuna mama?

Ufahamu wa jamii unapimwa namna gani? Hauonekani ku karatasi.

Hauonekani ku CV, ndiyo, lakini mu mazungumzo ya nusu saa unatoka. Mupe kisa. Kwa mfano: kijana ameiba kable ya shaba ku kazi, anasema mshahara haujatoka miezi 4. Kisha unyamaze. Kuna atakayesema haraka "mwizi ni mwizi." Kuna atakayesema haraka "masikini, asamehewe." Wote wawili wameharakisha. Unayemutaka ni yule anaanza kuuliza, mshahara haukutoka kwa wote ao kwake tu, aliandika barua, alienda kwa enspektere wa kazi, hiyo kable ilikuwa ya nini.

Tena muulize mara ya mwisho alibadilisha mawazo juu ya mtu ilikuwa lini. Na tafuta majirani zake, si wale aliowaandika yeye mwenyewe. Uliza namna anaongea na yule anayemufagilia kiwanja. Hiyo ya mwisho watu wanaona ni ndogo, kwangu miye ndiyo kubwa.

Anaweza kujifunza akishachaguliwa?

Sehemu. Akae ku odianse za wazi kama musikilizaji kabla ya kuanza, bure, hakuna anayemukataza. Sheria kidogo atafundishwa. Ila kama hakuwahi kujali watu mpaka ana miaka 50, formasio ya siku 3 haitamugeuza.

Kama asesere ni shemeji ya patroni wangu?

Sema mapema, kupitia avoka wako, sheria inaruhusu kumukataa juji mwenye undugu, urafiki mkubwa, uadui ao faida ndani ya kesi. Usingoje upoteze njo useme. Na asesere mwenye akili anajitoa mwenyewe. Kujua watu wengi kuna hiyo hatari, lazima tuiseme, mtu wa mtaa anajulikana na mtaa, na watamufuata mpaka nyumbani na kuku mkononi. Kuku irudi, hata ya shukrani, na ya delibere (mashauri ya ndani ya majuji) yabaki mu delibere.

Kesi yangu ni ya kazi, naanza moja kwa moja ku tribinali?

Hapana, kwanza enspeksio ya kazi kwa konsiliasio, bila ile karatasi ya kwamba hamukupatana tribinali haitakupokea. Watu wanapoteza miezi kwa kutojua hii.

Miye nataka jina langu litoke, niende kwa nani?

Mfanyakazi, kwa sendika yako, uliza mkutano wa majina ni lini na uende, juu mara nyingi majina yanatoka kwa wale watano waliofika. Mfanyabiashara, kwa chama cha wafanyabiashara, FEC (shirikisho la makampuni ya Kongo) ikiwa ni membre, na rejista yako ya komersi iwe sawa. Mzee ao mama anayejua desturi, jijulishe kwa prezida wa tripe ya komine yako. Lakini kabla ya yote hayo nenda ukae ku banki ya nyuma ku odianse ya wazi, asubuhi moja nzima, simu imefungwa, na ukirudi nyumbani jaribu kuelezea kesi ya kwanza uliyoisikia, upande wa yule aliyekuudhi.